Mvinyo mwekundu wa kilimo hai kwa euro kumi: uanzie wapi?

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Bremen, Ujerumani. Napenda mvinyo mwekundu, na karibu kila mwezi nina wageni nyumbani. Nimeamua kununua wa kilimo hai, lakini kila ushauri ninaousoma unanipeleka Bordeaux, Toscana au Burgundy, na bei za huko mimi mwalimu wa chekechea siziwezi. Nina kati ya euro 6 na 12 kwa chupa. Je, kuna sehemu zisizo na majina makubwa ambako nitapata kitu cha maana? Nitajuaje kwamba ni wa kilimo hai kweli? Na ni kweli kwamba hauumizi kichwa?

JIBU: Dada, pesa hiyo inatosha. Tena kwa pesa hiyo unaweza kunywa vizuri kuliko anayetoa euro 12 kununua Bordeaux ya kilimo hai. Ila itabidi ubadilishe namna ya kutafuta. Wengi huanza na jina maarufu, halafu wakasaka chupa rahisi ndani ya jina hilo. Wewe anza na hali ya hewa.

Adui wa mzabibu barani Ulaya ni kuvu. Kuna ubwiri unga na kuna ubwiri vinyoya, na yote mawili yaliletwa kutoka Amerika katika karne ya 19, kwa hiyo mizabibu ya Ulaya haina kinga nayo. Mkulima wa kawaida ana dawa za kiwandani zinazopenya ndani ya mmea na kukaa humo. Mkulima wa kilimo hai silaha zake kubwa ni mbili: salfa kwa ubwiri unga, salfa ileile ya unga wanayopuliza wakulima wa korosho kule Mtwara na Lindi, na shaba kwa ubwiri vinyoya. Shaba hukaa juu ya jani tu. Mvua ikinyesha inaoshwa, inabidi kupuliza upya. Na kwa kuwa shaba haiozi, inarundikana kwenye udongo, Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo: kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka.

Sasa mchukue mkulima wa Bordeaux, jirani wa bahari ya Atlantiki, ambako mvua za Mei na Juni ni kawaida. Anapita na trekta, inanyesha, anapita tena. Kuna dizeli, kuna mishahara, na mwaka ukiwa mbaya anaweza kupoteza nusu ya mavuno pamoja na juhudi zote hizo. Gharama hiyo ataifidia kwenye bei ya chupa, na wewe ndiye utakayeilipa. Mkulima wa kusini-mashariki mwa Hispania, ambako majani hukauka saa chache baada ya umande, anapuliza mara chache tu. Kwake kuhamia kilimo hai mara nyingi ni kubadilisha makaratasi kuliko kubadilisha shamba.

Kwa hiyo tafuta sehemu yenye ukavu na upepo, kisha tafuta ndani yake jina ambalo halijapanda bei. Mambo hayo mawili yakikutana, mvinyo wa kilimo hai hauwi anasa. Si ajabu kwamba kwa takwimu za shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, za mwaka 2019, nchi tatu tu, Hispania, Ufaransa na Italia, zilikuwa na takriban robo tatu ya mizabibu yote ya kilimo hai duniani, na Hispania ndiyo iliyokuwa ya kwanza ikiwa na zaidi ya hekta 120,000.

Ningeruhusiwa kukutajia sehemu moja tu, ningesema Jumilla ya Hispania. Iko bara, mpakani mwa Murcia na Albacete, kwenye uwanda wa mwinuko wa mita 400 hadi 800 na zaidi kidogo. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 300. Dodoma, ambayo sisi tunaiita kame, hupata karibu mara mbili ya hiyo. Mashamba ya zamani huko hayana nguzo wala waya: kila mzabibu umesimama peke yake kama kichaka kifupi kinachofika gotini au pajani, na mwenzake yuko mita 2.5 hivi kutoka hapo, maana maji hayatoshi kulisha mimea iliyobanana. Katikati ni udongo mweupe wa chokaa na mawe. Mchana jua linachoma, usiku kwa sababu ya mwinuko kunapoa, na ubaridi huo wa usiku ndio unaouachia mvinyo uchachu kidogo usije ukawa mzito kama sharubati.

Zabibu ya huko ni Monastrell, ambayo Wafaransa wanaiita Mourvèdre. Inachelewa kuiva na inapenda joto. Mvinyo wake ni mweusi, mzito, una ladha ya zambarau zilizoiva hadi zimeanza kunyauka mtini, na nyuma yake kuna harufu ya majani makavu ya porini. Kilevi chake kwa kawaida ni asilimia 14 hadi 15; kumbuka hilo, nitalirudia tukifika kwenye kichwa.

Kuna habari moja ya Jumilla inayofaa kuijua kwa sababu inaonekana kwenye lebo. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, anayefyonza mizizi, aliangamiza mizabibu ya Ulaya. Dawa iliyopatikana ilikuwa kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani, na hadi leo karibu mizabibu yote ya bara hilo imebebeshwa. Jumilla mdudu alichelewa. Pigo lake kubwa lilikuja mwaka 1989. Na kwenye mashamba ya kichanga hawezi kutembea vizuri, kwa hiyo baadhi ya mizabibu mikongwe bado inasimama kwenye mizizi yake yenyewe. Chupa za mizabibu hiyo huandikwa pie franco. Nyingi zinapita bajeti yako, lakini ukiikuta moja kwa euro 11 usiiache dukani.

Kwa bei ya kawaida, Monastrell ya kilimo hai ya Jumilla utaipata kati ya euro 6 na 9. Majirani zake, Yecla na Alicante, wana zabibu ileile na bei zinazofanana. Angalizo langu ni moja: kwenye bei hizo chukua iliyoandikwa joven, yaani mvinyo mchanga, au isiyotaja pipa kabisa. Ukiona roble, maana yake mvinyo umepitia mwaloni kwa miezi michache, na kwenye chupa rahisi mwaloni huo mara nyingi unaacha harufu ya vanila inayofunika zabibu yenyewe. Sijui kwa nini mtu alipie zabibu za kilimo hai halafu anywe mbao.

Panda kaskazini kidogo, bara ya Valencia, utafika Utiel-Requena na jirani yake Manchuela. Hapa mwinuko ni mita 600 hadi 900 na zabibu ni Bobal. Kwa miongo mingi Bobal ilikuwa kibarua: ilisafirishwa kwa matangi kwenda kuongeza rangi kwenye mivinyo ya watu wengine, na jina lake halikuandikwa popote. Vyama vya ushirika ndivyo vilivyokuwa vinainunua, kwa uzito. Matokeo yake ni kwamba wakulima walibaki na mizabibu mikongwe ambayo hakuna aliyeona haja ya kuipandisha bei. Kizazi cha watoto wao ndicho kilichoanza kuijaza kwenye chupa kwa jina lake.

Mimi naiweka Bobal juu ya Monastrell kwa meza yenye chakula. Ina ganda nene, kwa hiyo ukakasi upo, lakini pia ina uchachu mwingi ambao ni nadra kwenye sehemu zenye joto hivyo. Mimina kidogo kwenye glasi pana uitazame: ukingo wake una zambarau ya kung'aa, karibu na wino. Kinywani inaanza na tunda, kisha uchachu unapita pembeni mwa ulimi, halafu ukakasi unakamata fizi. Ikinywewa bila chakula inaweza kukuudhi. Kula nayo mbavu za mbuzi zilizochomwa na kupakwa chumvi, mafuta na chumvi vinaulainisha ule ukakasi, na unaelewa kwa nini watu wa huko hawainywi bila nyama mezani. Euro 7 hadi 10.

Kabla hatujaondoka Hispania: zile chupa za euro 3 na 4 za zabibu ya Tempranillo ya Bio, yaani ya kilimo hai, kwenye maduka ya bei rahisi, nyingi zinatoka Castilla-La Mancha. Si mbaya. Hazina kosa lolote, na hazina la kukumbukwa. Lakini fanya hesabu. Kwenye chupa ya euro 4, ukitoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19, zinabaki euro 3.36. Humo kuna chupa yenyewe, kizibo, lebo, katoni, lori na faida ya duka. Vitu hivyo havibadiliki sana hata chupa ikiwa ya euro 9. Kwa hiyo kila euro unayoongeza kutoka 5 kwenda 10 sehemu yake kubwa inaingia kwenye mvinyo, wakati ukifika 20 unaanza kulipia jina. Tena una bahati ya kuishi Ujerumani, ambako mvinyo wa kawaida usio na mapovu hautozwi ushuru wa vileo hata senti. Ndugu zetu walioko Ireland wanalipa ushuru wa zaidi ya euro 3 kwa chupa kabla hata hawajafikiria kilichomo ndani.

Italia nitakupeleka sehemu mbili. Sisilia ina mashamba mengi ya mizabibu ya kilimo hai kuliko mkoa mwingine wowote wa nchi hiyo, kwa sababu ileile ya jua na upepo. Nero d'Avola ya Bio utaikuta hata dukani kwa jirani, euro 5 hadi 8. Ni mvinyo wa tunda, laini, mgeni yeyote ataunywa. Lakini ninayotaka uitafute ni Frappato, kutoka kusini-mashariki ya kisiwa, karibu na mji wa Vittoria. Ni nyepesi, rangi yake unaweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi, na ina harufu ya maua na stroberi. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuinywa. Huu ndio mvinyo mwekundu unaoweza kukaa na samaki wa kupaka au kuku wa nazi bila kugombana, maana nazi na ukakasi havipatani. Kule Vittoria wanachanganya Nero d'Avola na Frappato kupata Cerasuolo di Vittoria, mvinyo pekee wa Sisilia wenye DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo nchini Italia, tangu 2005. Mingi imepita euro 12, ila si mbali sana.

Sehemu ya pili ni Abruzzo, mashariki ya Roma, ambako milima ya Apenini inashuka hadi bahari ya Adriatiki kwa umbali mfupi na upepo unapita kati. Mvinyo wake ni Montepulciano d'Abruzzo. Usiuchanganye na Vino Nobile di Montepulciano: huo unatoka mji wa Montepulciano ulioko Toscana na unatengenezwa kwa zabibu ya Sangiovese, bei yake ni nyingine kabisa. Huu wa Abruzzo Montepulciano ni jina la zabibu. Ni mvinyo wa watu, wenye rangi nzito na ukakasi wa wastani, na euro 6 hadi 9 inatosha kwa chupa nzuri ya Bio. Angalia mwaka, lakini. Masika ya 2023 mvua zilipiga Abruzzo mfululizo, ubwiri vinyoya ukafyeka sehemu kubwa ya mavuno, na wenye kilimo hai ndio walioumia zaidi. Ukiwa na uchaguzi kati ya 2022 na 2023 kwenye rafu, chukua 2022. Nakutajia hili makusudi ili usidhani ukavu ni ahadi. Hata sehemu zenye upepo hupata miaka yao.

Ufaransa ya kusini unaifahamu kwa jina la Languedoc, labda kupitia chupa rahisi za Merlot. Hizo ziache. Nenda kwenye vilima vya nyuma, Corbières, Minervois, Fitou, ambako upepo kutoka kaskazini-magharibi, wanaouita Cers au Tramontane, unavuma siku nyingi za mwaka na kukausha mizabibu baada ya mvua. Zabibu ya kuulizia ni Carignan. Zamani ilikuwa imejaa kila mahali, ikazaa kupita kiasi, ikapata sifa mbaya, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wakalipwa fidia kuing'oa. Iliyobaki ni mikongwe iliyoko vilimani, ambayo sasa inazaa kidogo na kwa ladha kali ya matunda mekundu na pilipili manga. Neno vieilles vignes linamaanisha mizabibu ya zamani, ingawa sheria haijasema ni miaka mingapi, kwa hiyo liamini kwa kiasi. Wafaransa wenyewe wamepunguza sana kunywa mvinyo mwekundu, na mvinyo wa Bio kusini umekuwa mwingi kuliko wanunuzi, hadi wengine wanauza wa kilimo hai kwa bei ya wa kawaida. Kwa mkulima ni kilio. Kwako ni Corbières nzuri kwa euro 8.

Ukichoka na mivinyo ya jua kali, geukia mashariki ya Austria. Zabibu ya Blaufränkisch ina uchachu safi, ladha ya cheri na pilipili manga, na kilevi chake mara nyingi ni asilimia 12.5 hadi 13. Austria imeingia kwenye kilimo hai kwa nguvu, zaidi ya hekta moja katika kila tano za mizabibu yake. Mkoa mkuu wa zabibu hiyo ni Burgenland, mpakani na Hungaria. Lakini mwaka 1921 ilipigwa kura ya maoni, mji wa Sopron na vijiji vichache vya jirani vikabaki Hungaria wakati Burgenland ikaenda Austria. Mpaka ukakatiza mizabibu. Upande wa Hungaria zabibu ileile inaitwa Kékfrankos, na kwa kawaida ni rahisi kuliko ya jirani. Familia ya Weninger ina mashamba pande zote mbili na wanalima kwa njia ya baiodainamiki, aina ya kilimo hai inayofuata pia mizunguko ya mwezi na dawa za mitishamba. Chupa zao za kuanzia ziko ukingoni mwa bajeti yako. Na hapo hapo Ujerumani, mkoa wa Württemberg, zabibu hiyo inaitwa Lemberger. Kwa hiyo ukiulizia dukani taja majina yote matatu.

Ugiriki nitaipita haraka, si kwa ubaya bali kwa bei: Xinomavro ya Naoussa ni moja ya mivinyo myekundu ninayoipenda kuliko yote, na Apostolos Thymiopoulos ana chupa ya mizabibu michanga ambayo ukiipata kwenye punguzo utaifurahia, ila mingi ya kilimo hai inaanzia euro 13. Agiorgitiko ya Nemea ni laini na rahisi zaidi.

Sasa lebo. Geuza chupa. Unatafuta jani lililochorwa kwa nyota nyeupe kwenye mstatili wa kijani, nembo ya Umoja wa Ulaya. Chini au pembeni yake kuna msimbo. Chupa ya Jumilla mara nyingi itaandikwa ES-ECO, kisha tarakimu tatu, kisha MU, yaani Murcia. ES ni nchi, ECO ni kilimo hai, tarakimu ni chombo kilichokagua. Ufaransa ni FR-BIO, na ukiona FR-BIO-01 aliyekagua ni Ecocert. Italia ni IT-BIO, Austria AT-BIO, Ujerumani DE-ÖKO. Msimbo huo ni wa mkaguzi wa yule aliyeshughulikia mvinyo mwisho, kwa hiyo ukikuta mvinyo wa Hispania wenye DE-ÖKO, usishtuke: umesafirishwa kwa tangi na kujazwa chupa Ujerumani. Si udanganyifu, ila kwangu mimi ni dalili ya mvinyo wa jumla, na nikiwa na euro 8 nachagua uliojazwa kwao. Chini ya msimbo utaandikwa zabibu zimelimwa wapi.

Maneno yenye uzito wa kisheria ni Bio, biologique, biologico, ecológico. Mengine ni mapambo au yanahusu mambo mengine. Nachhaltig ni neno la uendelevu, halimfungi mtu kwenye kilimo hai. Nembo ya Kifaransa ya HVE, yenye kipepeo, watu wengi huidhania ni kilimo hai. Siyo, inaruhusu dawa za kiwandani. Vegan inamaanisha tu kwamba mvinyo haukusafishwa kwa ute wa yai, maziwa au samaki. Demeter ni nembo ya baiodainamiki, masharti yake ni makali kuliko ya kilimo hai cha kawaida. Na ukikuta chupa ya Kifaransa imeandikwa en conversion, mkulima yuko katika ile miaka 3 ya mpito ambayo sheria inamtaka alime kwa kanuni zote kabla ya kupewa nembo. Analipa gharama zote na bado hana bei ya kilimo hai. Nunua.

Tuje kwenye kichwa. Watu wanasema mvinyo wa kilimo hai hauna salfaiti, kihifadhi kinachotokana na salfa. Si kweli kwa Ulaya. Kabla ya mwaka 2012 sheria ilijua tu “mvinyo wa zabibu za kilimo hai”. Kuanzia mavuno ya mwaka huo ndipo kanuni zikaingia hadi kwenye utengenezaji. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, wa kawaida unaruhusiwa hadi miligramu 150 za salfaiti kwa lita, wa kilimo hai 100. Zimepungua, hazijaisha, na chachu yenyewe huzalisha kidogo hata kama mtu hakuongeza. Lakini salfaiti hazielekei kuwa ndizo zinazokuuma. Mvinyo mweupe unaruhusiwa salfaiti nyingi kuliko mwekundu, na bado watu wanalalamikia mwekundu. Aprikoti kavu zile za rangi ya chungwa zinaweza kuwa nazo maradufu kwa maradufu. Mwenye pumu ni jambo jingine. Salfaiti zinaweza kumletea shida ya kifua, na aangalie kwa makini maneno enthält Sulfite, yaani una salfaiti.

Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya California, Davis na San Francisco, walitoa dhana kwamba kwasetini, kemikali iliyomo kwenye ganda la zabibu na inayoongezeka zabibu zikipigwa jua, ikishafika mwilini inazuia kimeng'enya kinachosafisha mabaki ya kilevi. Walipima maabara, si kwa watu, kwa hiyo isubiri. Ikithibitika, mivinyo ya jua kali ndiyo itakayokuwa na kesi, iwe ya kilimo hai au isiwe.

Wakati tunasubiri, kuna hesabu isiyo na ubishi. Glasi ya mililita 200 yenye asilimia 14.5 ina mililita 29 za kilevi tupu. Ya asilimia 12.5 ina 25. Anayekunywa glasi tatu na nusu za Kékfrankos na anayekunywa tatu za Monastrell wamekunywa karibu sawa. Kama kichwa kinakusumbua, anzia kwenye namba hiyo ya asilimia kabla ya nembo yoyote, kula kwanza, na weka jagi la maji mezani. Pia usinywe mvinyo mwekundu kwa joto la sebule. Nyumba za Ujerumani wakati wa baridi hufika nyuzi 22, na hapo kilevi kinapanda puani. Nyuzi 16 zinatosha: dakika 20 au 30 kwenye friji.

Kwa siku za wageni wengi, usidharau boksi. Boksi la lita 3 lenye mfuko ndani lina chupa nne, ukilifungua linakaa wiki nne hadi sita bila kuharibika, na kwa kuwa halina gharama ya vioo, mvinyo uleule unakuja kwa bei ndogo. Maduka ya Bio huwa nayo kutoka Hispania na Languedoc.

Neno la mwisho ni kuhusu wageni wenyewe. Nadhani wengine wamelelewa kwa Dompo ya Dodoma au mivinyo mitamu ya dukani, na ukiwamiminia Bobal watakuuliza kama imeharibika. Wajerumani wamekurahisishia kazi: kwenye lebo nyingi wanaandika kiwango cha sukari. Trocken ni mkavu, kwa kawaida hadi gramu 4 za sukari kwa lita, na hadi 9 kama uchachu unabeba. Halbtrocken unafuata, kisha lieblich, ambao unaweza kufika gramu 45. Mvinyo uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 lazima utaje viambato na virutubisho, mara nyingi kwa ile alama ya kuskani kwa simu, na humo sukari utaiona kwa namba. Katikati ya hapo kuna Primitivo ya Puglia, kusini mwa Italia, ambayo nyingi huachwa na utamu kidogo, na ya Bio ipo kwa euro 7 au 8. Wawekee hiyo na pilau, kwa sababu utamu kidogo unaelewana na iliki na mdalasini, na kama kuna kachumbari ya pilipili hawatalia kama wangelia kwa mvinyo wenye ukakasi. Bobal iweke upande wako wa meza, karibu na mbavu.